Aliyekaza Springi Si Mimi

Laplandi, kaskazini ya Ufini
Jumapili mchana

Kaka Venance,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba maji hayajaingia tena kwenye shamba la Michenga. Mguu wa Mama unaendeleaje? Baba bado anapanda treni kwenda Mlimba peke yake, au mmeshamkataza naye akakataa? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio ulionishikisha kalamu, na usishangae ukiona nimeandika kwa kukandamiza mpaka karatasi imetoboka.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Kila nikianza kueleza, unasema, "Basi Skola, yameisha, tumeshakusamehe." Mmenisamehe nini? Barua huwezi kuikatiza. Dada mmoja wa Morogoro anayesoma huku anakuja likizo, nimemwambia aifikishe gerejini kwako, mkononi mwako, asimwachie mtu.

Yote nimeyasikia. Nimesikia kwamba Gaspari, mtoto wa shangazi, aliona nilivyoandika mtandaoni kwamba nimesimamishwa kazi, akakaa pale stendi ya Ifakara akawatangazia watu kuwa Skolastika kamvunja mgongo bibi wa Kizungu kwa uzembe. Habari ikafika kijijini Mbingu kabla ya basi. Na nimesikia kwamba jumuiya ilikutana nyumbani kwa Mama, ikasali rozari nzima kuniombea nitubu. Nitubu! Wifi ameniambia na wewe ulikuwepo, umepiga magoti, unaitikia amina.

Kaka, wewe ndiye uliyenipa spana ya kwanza. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba springi haikazwi wala kulegezwa kabla hujajua itabeba nini. Unakumbuka ulivyokuwa unawauliza watu wa bodaboda asubuhi, "Leo unabeba magunia ya mpunga au unampeleka mjamzito hospitali?" Wakisema magunia, unakaza shokapu za nyuma. Wakisema mjamzito, unalegeza, na usipojibiwa huigusi pikipiki ya mtu. Leo mwanafunzi wako anasingiziwa kwamba alikaza bila kuuliza, na wewe unaamini?

Basi kaa chini nikueleze, fundi kwa fundi.

Hapa ninapofanya kazi ni uwanja wa pikipiki za theluji. Sijui kama niliwahi kukuelezea vizuri. Haina magurudumu. Mbele ina miguu miwili ya kuteleza, inayofuata usukani, na chini ya siti kuna mkanda mpana wa mpira unaozunguka na kuisukuma. Ndani ya mkanda huo ndimo zilimo springi na shokapu za nyuma. Watalii wanakuja, wanavalishwa manguo mazito mpaka wanatembea kama bata, halafu wanaongozwa kwa msafara msituni, saa nzima au mchana kutwa.

Njia zenyewe usidhani ni laini kama pamba. Asubuhi ya kwanza baada ya theluji kuanguka, ndiyo, unateleza kama unaota. Lakini wakishapita watu hamsini, njia inajikunja mawimbi, tuta na shimo, tuta na shimo, kilomita na kilomita. Siku ya kwanza kuipita nilicheka peke yangu ndani ya helmeti. Niliona barabara ya kwetu ya kwenda Mlimba baada ya masika, ila imepakwa chokaa.

Sasa zipo za mkao wa aina mbili. Za zamani unakaa nyuma sana na chini, miguu umeinyoosha mbele kama mtu anayepunga upepo barazani. Siti yake ni ndefu, ina egemeo kama kochi, na mtalii akiiona uwanjani anaipenda papo hapo. Ubaya wake, ukikutana na tuta, miguu yako iko mbali, haiwezi kukusaidia. Pigo lote linapanda kwenye kiuno. Za siku hizi unakaa juu zaidi na karibu na usukani, magoti yamekunjwa, nyayo ziko chini yako. Ukiliona tuta unajiinua kidogo tu, magoti yanalimeza, mashine inacheza chini yako na wewe umetulia. Siku ya kwanza unaona kama umekaa kwenye kigoda. Siku ya tatu hutaki nyingine.

Ila zote mbili, Kaka, anayeumia zaidi ni abiria. Dereva yuko katikati ya mashine, abiria yuko mkiani, na mkia ndio unaorusha. Hilo sikuhitaji kufundishwa na mtu. Nani kati yetu hajawahi kukaa kwenye keria ya pikipiki kutoka Michenga?

Kwenye springi, mambo ni yale yale. Nyuma kuna kipande cha plastiki chenye pembe nne. Unakizungusha kwa spana, pembe ya kwanza ni laini, ya nne ni ngumu kama jiwe. Na kipimo ni kile kile chako: nyanyua mkia, uachie, mpandishe mtu, tazama imezama kiasi gani. Isipozama hata kidogo, hiyo si springi tena, ni chuma. Ikizama yote, itagonga chini kwenye shimo la kwanza. Mtu mwembamba na mtu mnene hawawezi kupewa pembe moja. Mtoto wa darasa la tatu anaelewa.

Bosi wangu, Risto, hakuelewa. Au alielewa akaona kazi.

Nilimwambia tangu mwanzo wa msimu. Nikasema, hizi za zamani tuziache kwa safari fupi, na za mchana kutwa tuwape watu zile za mkao mpya. Na kila asubuhi tuwapime wageni, turekebishe. Akaniangalia kama mtu anayetazama kuku aliyeingia sebuleni.

"Kwenu kuna theluji?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Mimi nimezaliwa kwenye theluji."

"Ni kweli kwetu hakuna theluji," nikamjibu, "lakini mashimo tunayo, na migongo tunayo."

Mikko, kijana wa huku anayeongoza misafara, akacheka. Risto hakucheka. Lakini aliniacha nipime, kwa sababu kupima kulikuwa hakumgharimu chochote, nilikuwa nafanya mwenyewe kabla wageni hawajanywa kahawa.

Siku yenyewe walikuja mume na mke kutoka Ujerumani, walimu wastaafu wote wawili. Mke anaitwa Helga. Mdogo, mwembamba, anaongea kwa sauti kubwa kama mwalimu wa zamu. Nilitaka niwape ya mkao mpya, Risto akasema hapana, wazee wapewe yenye egemeo, watafurahi. Sawa, yeye ndiye bosi. Nikawapandisha wote wawili, mume mbele, mke nyuma, nikatazama inavyozama, nikaweka pembe ya pili. Nikamwambia Bi Helga, "Ukiona tuta, mama, usijiegemeze. Kaa wima, shika vishikio." Akanipiga begani, akasema yeye ameendesha baiskeli miaka hamsini. Nikaingia ndani kutengeneza mashine nyingine.

Ambacho sikukijua ni kwamba jana yake mtalii mmoja mwenye mwili mkubwa alikuwa amegongesha chini na kupasua kitu. Risto akakasirika. Basi mimi nikiwa ndani, wageni wakiwa wanavaa helmeti, akatoa amri mashine zote zinazotoka zikazwe pembe ya nne. Zote! Ya mnene, ya mwembamba, ya bibi wa miaka sabini na mbili. Hakuniita. Hakuniuliza.

Walirudi kabla ya wakati. Mikko alikuwa mbele, nyuma kuna mashine inayovuta kitanda cha kuteleza, na juu ya kitanda yuko Bi Helga, amefungwa mablanketi, midomo imekuwa ya kijivu. Mume wake anatembea kando, ameshika mkono wake, analia waziwazi. Njia ilikuwa mawimbi matupu siku hiyo. Kwenye shimo moja mkia ulimrusha juu, akashuka kwa makalio kwenye siti ambayo haikuzama hata kidole. Hospitali wakasema pingili moja ya uti wa mgongo imeingia ufa. Kutembea atatembea, Mungu ni mwema, lakini alale.

Nilikwenda kwenye ile mashine nikapiga magoti kwenye theluji. Pembe ya nne. Kaka, nilihisi kama mtu kaingia jikoni kwangu akatia sumu kwenye chungu nilichopika mimi.

Kesho yake Risto akaniita ofisini. Mezani kuna fomu ya bima, ameshaijaza. Nilisoma kwa shida, lakini jina langu nililiona, na chini yake imeandikwa kwamba fundi alirekebisha springi vibaya kwa kutokuwa na uzoefu wa theluji.

"Weka sahihi hapa," akasema. "Ni karatasi tu. Hakuna atakayekufanya kitu."

"Mimi niliweka pembe ya pili."

"Skola, usifanye jambo liwe kubwa."

"Mgongo wa mtu umepasuka. Ukubwa unaoutaka wewe ni upi?"

Akabadilika rangi. Akanikumbusha kwamba kibali changu cha kukaa nchi hii kinategemea kazi hii. Alilisema taratibu, kwa upole, kama anayekuambia mvua inakuja. Nikamwambia kibali kinategemea kazi, lakini sahihi yangu inategemea ukweli, na kalamu yake nikairudisha juu ya meza. Akanisimamisha. Nilitoka nje, Kaka, na sitakudanganya. Niliogopa. Nilijiona nashuka stendi ya Ifakara na begi moja na jina baya. Ndipo nikaandika yale maneno mtandaoni, niliandika, "Nimesimamishwa kazi kwa kosa la mtu mwingine." Gaspari alisoma nusu ya kwanza, nusu ya pili ilimshinda.

Nikiwa sina kazi nilikwenda hospitali. Watu wa huku walinishangaa, wakaniambia usiende, utaonekana umekubali kosa. Lakini mimi nimelelewa na Mama. Mgonjwa hupewa pole, kwanza, na mengine yanafuata. Nilinunua machungwa nikaenda.

Bi Helga alikuwa amelala chali. Nilipoingia mume wake alisimama, uso umekaza, nikajua wameshaambiwa. Nikasema, "Sijaja kujitetea. Nimekuja kukupa pole, mama."

Bi Helga akanigeuzia uso. Akasema, "Wewe ndiye uliyeniambia nisijiegemeze."

"Ndiyo."

"Basi kaa. Niambie ile mashine ilitakiwa iweje."

Nikachukua mto wa kitanda nikamwonyesha. Nikaubonyeza kwa ngumi: hii ndiyo pembe ya pili. Nikagonga ngumi kwenye ukuta: hii ndiyo ya nne. Alielewa mara moja, mwalimu ni mwalimu. Mume wake akakaa chini polepole, akasema kwamba wakati anavaa helmeti alimwona Mikko akipita mashine baada ya mashine na spana. Alidhani ndio utaratibu wa kila siku.

Sikumwomba afanye lolote, lakini aliwapigia simu watu wa bima yeye mwenyewe. Baada ya siku nne mkaguzi wa bima akaja, mwanamke mnene wa makamo, mchache wa maneno. Nikaitwa uwanjani. Risto alikuwepo, Mikko alikuwepo, wote mikono mifukoni. Risto akaanza kueleza kwamba tofauti ya pembe moja na nyingine ni ndogo, mgeni hawezi hata kuihisi, kwamba bibi alikaa vibaya.

Nikamwomba mkaguzi ruhusa ya kusema. Nikasema, "Panda mwenyewe. Kaa siti ya nyuma. Njia ni ile ile, na mimi nitaendesha."

Risto akasema huo ni upuuzi. Mkaguzi akawa ameshaanza kufunga helmeti.

Nilimpeleka kwanza kwa ile ile ya zamani, pembe ya nne. Mwendo wa kawaida, sikuongeza hata kidogo, nisije nikaambiwa nimefanya kusudi. Tulipofika nusu ya mawimbi alinipiga mgongoni, simama, simama. Tukarudi taratibu. Nikachukua ya mkao mpya, yenye siti ya abiria iliyosogezwa mbele kidogo, nikampima, kwa uzito wake nikaweka pembe ya tatu. Tukaenda njia yote mpaka mwisho na kurudi. Aliposhuka ameshika kiuno, lakini maumivu yalikuwa ya safari ya kwanza.

Akavua helmeti. Akauliza swali moja tu, "Nani alikaza?"

Nilimtazama Mikko. Siku mbili tatu kabla ya hapo nilikuwa nimempigia simu hapokei. Alikuwa anachimba theluji kwa ncha ya kiatu. Halafu akasema, bila kuinua kichwa, "Mimi. Risto aliagiza. Skola hakujua."

Mkaguzi akaandika. Fomu ya kwanza ikafutwa, jina langu likatolewa, na barua ninayo hapa kabatini, nimempa yule dada nakala yake akupe pamoja na hii. Nimerudishwa kazini. Mikko alikuja kuniomba radhi, nikamwambia nimeipokea, ila siku nyingine ukweli usiusubirie mkaguzi.

Unadhani hapo hasira iliisha? Haikuisha. Risto hajawahi kusema samahani, mpaka leo. Jumatatu aliniambia tu, "Kuanzia sasa mashine zote zipimwe," kama wazo lilimjia usingizini. Wiki iliyofuata kabandika ukutani karatasi yenye jedwali la uzito wa wageni na pembe za springi, jedwali nililolitengeneza mimi kwa mkono wangu, juu kaandika jina la kampuni yake. Nikamwambia ongeza jina la aliyelitengeneza au ulibandue. Akalibandua. Fikiria mtu huyo! Afadhali ukuta ubaki mtupu kuliko uwe na jina langu.

Nami nimeshaandika maombi ya kazi sehemu nyingine mbili. Sijajibiwa.

Lakini wewe, Kaka, ndiye unayeniuma zaidi. Risto hanijui. Nilimtazamia nini? Wewe ulinijua nikiwa na mafuta machafu mpaka kwenye nywele, nimelala chini ya pikipiki za watu, unanipitishia nati moja moja. Gaspari alipoleta maneno, ulikuwa na simu mkononi. Hukuniuliza, "Skola, uliweka pembe gani?" Swali moja hilo, ningekujibu kwa neno moja. Risto hakuniuliza akakaza. Wewe hukuniuliza ukapiga magoti. Sijui niwatofautishe vipi, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Nataka jumuiya isomewe barua hii yote, isirukwe mahali. Ukiona aibu kuisoma, mpe wifi, yeye anasoma vizuri kuliko wewe.

Nikuambie la mwisho. Juzi Bi Helga aliruhusiwa kutoka. Alikuwa anakwenda uwanja wa ndege, amefungwa mkanda mgumu kuanzia kifuani mpaka nyonga, akamwambia dereva wa teksi apite kwetu. Risto alitoka mbio na tabasamu, akanyoosha mkono, akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu Skola ndiye fundi wetu bora." Bi Helga hakuuona ule mkono. Akaniuliza ile ya mkao mpya ni ipi. Nikamwonyesha. Akataka kuikalia. Mume wake akapiga kelele, dereva wa teksi akapiga kelele, mimi nikasema injini imezimwa, mwacheni. Tukamshika huku na huku, akapanda taratibu, kwenye siti ya mbele, siti ya dereva. Akakunja magoti chini yake, akashika usukani, akakaa wima pale katikati ya uwanja, anatazama msitu.

Halafu akamgeukia mume wake.

"Mwaka kesho," akasema, "nyuma utakaa wewe."

Msalimie sana Baba, na umwambie treni apande lakini asishuke kabla haijasimama. Msalimie Mama, mwambie hapana kosa, rozari haipotei, aigeuzie kwa Bi Helga mgongo uunge. Wifi nampa asante kwa kuniambia ukweli. Shangazi msalimie kwa heshima zote, hana hatia ya mwanaye. Gaspari naye msalimie, lakini kavukavu. Na mafundi wote wa gerejini hapo, hasa mzee wa kuchomelea, waambie pembe ilikuwa ya pili.

Nakupenda na nimekukasirikia, yote mawili kwa kipimo kimoja.

Ni mimi mdogo wako,
Skolastika